Pesa Yetu ya Mbolea: Tunamlisha Ndugu au Tunamdhuru?



Kila familia hapa kanisani inaujua msimu wa simu. Mvua zikikaribia Mbeya, Songea na Iringa, simu ya jioni huanza na salamu ndefu, habari za watoto, habari za baridi ya huku, na mwisho kabisa ndipo linakuja neno lenyewe: "Sasa, mdogo wangu, mbolea imepanda bei." Wenzetu wenye wazazi Kitale na Kakamega huipokea simu hiyo mwezi wa pili au wa tatu. Walio na ndugu Burundi na Kivu huipokea mapema zaidi, Agosti au Septemba. Nasi tunatuma. Mmoja anatuma ya mbolea peke yake, mwingine ya mbolea na "dawa", mwingine anaongeza na ya kibarua wa kupuliza.

Mwaka huu swali hilo limeingia hata kwenye kikundi chetu cha sadaka ya mavuno. Baadhi walisema tupeleke fedha za mbolea ya dukani na dawa kama kawaida, kwa kuwa njaa haisubiri mtu. Wengine walisema fedha iliyowekwa madhabahuni isinunue sumu, tuwahimize ndugu zetu warudi kwenye samadi na mboji. Pande zote mbili zilisema kwa uchungu, na zote mbili zina upendo. Nimeombwa niandike machache kwa kuwa nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, na kwa kuwa nimekulia shambani kama wengi wenu.

Naona swali letu lina ncha mbili. Tukimlipia mkulima kemikali, je, tunashiriki madhara yake? Na tukimnyima, tukamwambia alime kwa samadi, je, tunashiriki njaa yake mavuno yakipungua? Tusiiache hata ncha moja, maana anayetoa pesa ya shamba ameshika jembe, hata kama anaishi Des Moines.

Neno "dawa" linatuchanganya

Kiswahili chetu kina neno moja linalobeba mizigo miwili. Tunasema dawa ya kikohozi, na tunasema dawa ya mahindi. Mtoto anayesikia mama akisema "lete dawa" hana namna ya kujua kama ni ya kuponya au ya kuua. Maafisa ugani wana neno lao, viuatilifu, lakini nyumbani nani analitumia? Tunasema dawa, na neno hilo linaondoa hofu ambayo ingetulinda.

Wodini tunafundishwa mambo matano kabla ya kumpa mtu dawa: mgonjwa awe ndiye, dawa iwe ndiyo, kipimo kiwe sahihi, njia iwe sahihi, na wakati uwe wake. Likikosekana moja, hutoi. Linganisha na "dawa" inayouzwa gulioni. Imemiminwa kutoka kwenye galoni kubwa ikaingia kwenye chupa ya soda. Haina karatasi yenye jina wala tarehe ya kuisha. Kipimo ni kifuniko cha chupa, na wadudu wakizidi vifuniko vinaongezwa. Anayepuliza ni kijana mwenye fulana na kandambili, bomba la mgongoni linavuja, na upepo unamrudishia usoni.

Pia tunachanganya dawa na mbolea, tukizitaja pamoja kwa jina la "kemikali". Hivi ni vitu viwili. Mbolea ya chumvichumvi, kama wazee walivyoiita, ni chakula cha mmea: naitrojeni, fosforasi, potasiamu. Kiuatilifu ni sumu iliyotengenezwa ili iue kitu chenye uhai, awe mdudu, gugu au kuvu. Mtu anaweza kukubali kimoja na kukataa kingine. Nadhani nusu ya ubishi wetu kikundini ulitokana na kutovitenganisha, kwa hiyo nitaviangalia kimoja kimoja.

Kwanza, sumu

Kuna kundi kubwa la sumu za wadudu linaloitwa oganofosfeti. Lilianzia Ujerumani miaka ya 1930, mkemia Gerhard Schrader alipokuwa akitafuta njia ya kuua wadudu. Katika utafiti huohuo mwaka 1936 akapata tabun, ambayo ikawa gesi ya vita. Mdudu na askari waliuawa kwa njia moja. Sumu hiyo huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa mishipa ya fahamu, hivyo kila tezi na kila msuli unaambiwa "fanya kazi" bila kuambiwa "sasa acha". Mgonjwa hutokwa na mate, machozi na jasho, huharisha, mboni za macho husinyaa zikawa kama tundu la sindano, na kifua hujaa majimaji. Tunampa atropini, wakati mwingine dozi baada ya dozi usiku kucha.

Nilipokuwa muuguzi katika hospitali moja ya wilaya Tanzania tuliletewa kijana aliyekuwa akipuliza nyanya za mtu mwingine kwa malipo ya siku. Bomba lilikuwa limevuja mgongoni mwake tangu asubuhi. Kazi ya kwanza haikuwa sindano. Ilikuwa kumvua nguo na kumwosha kwa sabuni, maana sumu ilikuwa bado inaingia kupitia ngozi. Kijana alipona. Siku ya pili mke wake akaja akilalamika kichwa na kichefuchefu. Alikuwa ameifua ile fulana kwa mikono, na mtoto yupo mgongoni. Mwenye shamba hakuja hospitali, na aliyempa mwenye shamba pesa ya dawa, popote alipokuwa, hakujua kama kuna mtu aliyelazwa.

Tendo lenyewe lilikuwa jema: mtu amemsaidia ndugu yake asipoteze nyanya. Lakini madhara yalipita mbali na mikono ya wote walionufaika, yakamwangukia kibarua, mkewe na mtoto, ambao hawakuwa na sauti yoyote katika uamuzi huo.

Torati ina sheria ndogo inayonisaidia hapa. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta mfupi kuzunguka dari yake, ili mtu akianguka damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Dari za wakati ule zilikuwa bapa, watu walipanda kukaa jioni na kuanika vitu. Mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Hata hivyo anawajibika, kwa sababu alijua watu watapita pale na angeweza kuzuia. Kwa Mungu haitoshi kusema "mimi sikumsukuma".

Sasa tumpime mwenye kutuma pesa kwa sheria hiyo. Akituma ya sumu bila ya glavu, buti, barakoa na bomba lisilovuja, amejenga dari bila ukuta. Akituma ya sumu iliyo kali kiasi kwamba hata ukuta hautoshi, basi hiyo dari isingejengwa kabisa.

Mfano ni parakwati, dawa ya magugu inayojulikana vijijini kwa majina mengi ya biashara. Ikimezwa huharibu mapafu na figo, na mpaka leo hatuna dawa ya kuitangua. Umoja wa Ulaya umeikataza tangu mwaka 2007. Hapa Marekani mtu hairuhusiwi kuitumia bila mafunzo na kibali. Hata hivyo, baada ya Ulaya kuikataza, iliendelea kutengenezwa Uingereza na kusafirishwa kwenda nchi nyingine. Kile ambacho mkulima wa Uingereza hawezi kukipuliza kwenye shamba lake, mkulima wa kwetu anauziwa sokoni. Yesu alituambia tuwatendee watu yale tunayotaka tutendewe. Sijaona njia ya kuisoma amri hiyo ikaruhusu biashara ya namna hii.

Kuna jambo jingine tunalolisema kwa sauti ya chini, lakini wazazi mnalijua. Sumu ikiwa chini ya kitanda, mtu akipata saa moja ya kukata tamaa, iko karibu. Saa ile hupita, na wengi walioivuka wanaishi maisha yao. Sri Lanka ilianza miaka ya 1980 na 1990 kuondoa sokoni, hatua kwa hatua, viuatilifu vikali kuliko vyote, baadaye na parakwati. Vifo vya kujiua nchini humo vilipungua sana miaka iliyofuata, na wachunguzi hawakuona mavuno yakianguka kwa sababu ya hatua hizo. Hili si jambo dogo. Maelfu ya watu waliishi kwa sababu kitu fulani hakikuwa dukani. (Na kama wewe msomaji, au mtu wa nyumbani mwako, yuko katika saa kama hiyo, hapa Marekani piga 988 wakati wowote, na umwambie mmoja wetu. Hutahukumiwa.)

Kwa upande wa sumu, basi, msimamo wangu hauna mashaka. Sadaka isinunue zile kali. Na mahali ambapo mkulima kweli hana njia nyingine dhidi ya viwavi, tumlipie iliyo nafuu zaidi pamoja na vifaa vya kumlinda anayepuliza. Ukuta kwanza, dari baadaye.

Pili, mbolea ya chumvichumvi

Hapa baadhi yenu hamtafurahi, maana siwezi kusema urea ni dhambi.

Mwaka 1909 Fritz Haber wa Ujerumani alionyesha jinsi ya kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza amonia. Carl Bosch akaijengea kiwanda, kilichoanza kazi mwaka 1913. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu walio hai leo wanakula chakula kilichowezekana kwa sababu ya ugunduzi huo. Haber huyohuyo ndiye aliyesimamia gesi ya klorini iliyotumika vitani Ypres mwaka 1915. Mkono mmoja ulitoa mkate, ukatoa na mauti. Wema au ubaya hauko ndani ya mfuko wa mbolea. Tuutafute katika kipimo, mahali, na moyo wa anayeitumia.

Tunaoishi Iowa tuna ushahidi mlangoni. Maji yetu ya Des Moines yanatoka mto Raccoon na mto Des Moines, na mito hiyo inapita katikati ya mashamba makubwa ya mahindi na soya. Naitrojeni isiyotumiwa na mmea huoshwa na mvua ikaingia mtoni kama naitreti. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mji huu una mtambo maalumu wa kuitoa, na gharama yake imo kwenye bili zetu. Juni 2025 mtakumbuka tulikatazwa kumwagilia nyasi kwa sababu mitambo ilikuwa imezidiwa.

Kisheria naitreti isizidi miligramu 10 kwa lita, ikipimwa kama naitrojeni. Kiwango hicho kiliwekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga. Mtoto wa chini ya miezi sita akinyweshwa maziwa ya unga yaliyochanganywa na maji yenye naitreti nyingi, damu yake hushindwa kubeba oksijeni vizuri na hubadilika rangi kuelekea bluu. Kwa watoto wetu weusi tazameni midomo, ufizi na kucha, msisubiri kuona ngozi. Akina mama, mnisikie na hili: kuchemsha maji hakuondoi naitreti. Kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua nayo inabaki. Wenye visima nje ya mji, pimeni.

Wanaopenda samadi wasichukulie hili kama ushindi wao. Iowa ina nguruwe takriban mara saba ya idadi ya watu, na samadi yao ikizidi shambani nayo huingia mtoni. Naitreti ya samadi na ya mfuko ni ileile. Huku kosa ni wingi.

Kwetu tatizo ni kinyume. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakakubaliana kwamba ifikapo 2015 wakulima wafikie kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Nchi nyingi hazikufika. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, linalimwa kila mwaka bila kupumzika, mahindi yanatoka na hakuna kinachorudi. Ardhi ile ina njaa. Kumwambia mkulima wa namna hiyo "punguza mbolea" kwa sababu umeona mto wa Iowa ni kama kumnyima chakula mgonjwa aliyekonda kwa kuwa kitanda cha pili kuna mwenye kisukari.

Turudi Sri Lanka, nchi ileile. Mwaka 2021 serikali ilizuia kwa mkupuo mmoja uingizaji wa mbolea zote za viwandani na viuatilifu, ikasema taifa zima litalima kilimo hai. Mboji ya kutosha haikuwapo, wala muda wa kujifunza. Mavuno ya mpunga yalishuka, chai ikaumia, wakulima wakaandamana, na Novemba mwaka huohuo sehemu kubwa ya katazo ikaondolewa. Nchi ilikuwa na matatizo mengine pia, ya madeni na ya korona, lakini mpunga uliokosekana ulikosekana.

Tazameni nchi moja inavyotufundisha mara mbili. Ilipoondoa sumu kali, moja baada ya nyingine, watu waliishi. Ilipoondoa chakula cha mmea siku moja, watu walilala njaa. Wanaosema "kemikali zote ni sawa" wanakosea, wawe wanazitetea au wanazikataa.

Tatu, samadi na mboji

Je, basi tubaki na urea? Hapana. Wodini tuna dripu. Mgonjwa akija ameishiwa nguvu tunamtundikia, na inamwokoa. Lakini hakuna anayeishi kwa dripu. Lazima afike siku ya kula uji, kisha ugali. Urea ni dripu ya udongo. Inatoa naitrojeni haraka, haitoi kile kinachoshika maji, kinacholisha minyoo na vijidudu, kinachofanya udongo ushikamane. Ikitumika peke yake mwaka baada ya mwaka huongeza tindikali, na mkulima anaanza kusema "ardhi imezoea mbolea". Haijazoea. Imechoka kwa kukosa mboji.

Na tusidhani kilimo cha samadi ni fasheni ya wazungu. Wamatengo wa Mbinga wamelima milima mikali kwa ngoro kwa vizazi vingi: hufyeka majani, huyapanga kwa mistari inayokatana, huyafunika kwa udongo, na katikati hubaki mashimo yanayoshika maji ya mvua. Majani yanaozea mlemle na kuwa mbolea. Wachaga kwenye vihamba vyao hufunga ng'ombe zizini, humletea majani, na samadi hurudi mgombani na kwenye kahawa. Warundi wana ifumbire yao, na anayejua kuitunza huheshimiwa. Kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wa ICIPE walitengeneza njia inayoitwa sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, ikawafukuza nondo wa bungua, ikazuia kiduha na kuongeza naitrojeni. Majani ya tembo pembeni huwavuta nondo hao, na yote mawili ni lishe ya ng'ombe. Mwaka 2007 Afrika Mashariki ilipata kiwango chake cha mazao hai na alama ya Kilimohai. Ujuzi upo nyumbani.

Lakini tuhesabu gharama, kama Bwana alivyofundisha kuhusu anayejenga mnara. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Samadi kavu ya kawaida ina asilimia moja hadi moja na nusu hivi. Ili upate naitrojeni hiyo unahitaji kati ya tani moja na nusu na tani mbili na zaidi. Ni kweli samadi inaleta mengine ambayo urea haina. Lakini tani mbili ni tani mbili, na mjue nani anazibeba. Mara nyingi ni mama, kichwani, kwa ndoo ya lita ishirini, baada ya kuchota maji na kabla ya kupika. Au ni mtoto aliyepaswa kuwa shuleni. Tukiacha kuumiza mgongo wa kibarua kwa bomba, tusihamishie maumivu kwenye shingo ya mama.

Na kama muuguzi niseme: samadi mbichi nayo ina hatari. Ina bakteria na mayai ya minyoo. Isiwekwe kwenye nyanya, kabichi au mboga za kuliwa mbichi. Hapa Marekani kanuni ya kilimo hai inataka siku 120 zipite kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Mboji iliyoivishwa vizuri ni salama zaidi. Panga mabua, majani mabichi, samadi, jivu kidogo na udongo, tabaka juu ya tabaka, mahali penye kivuli, nyunyiza maji, choma fimbo katikati. Baada ya siku chache chomoa fimbo. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea, na joto hilo ndilo linaloua vijidudu. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Geuza kila baada ya wiki tatu hivi, ili kilichokuwa nje kiingie ndani. Kwa kawaida baada ya miezi mitatu inakuwa nyeusi, haina harufu mbaya, inanukia kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Nani anashika jembe?

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana anasimulia habari za mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja, apalilie pembeni yake na kuutilia samadi. Tumehubiriwa mara nyingi kuhusu uvumilivu wa Mungu katika mfano huo, nasi tunasema amina. Tazameni pia ni nani anayeichimba ile samadi. Mtunza shamba hasemi "waambie wengine watie". Anasema mimi nitatia. Anayeomba muda kwa ajili ya mti ndiye anayechukua kazi ya mti.

Hapo ndipo naona jibu la swali letu. Kumhimiza mkulima aache kemikali ni neno jema, lakini ni mzigo. Bwana aliwakemea waliofunga mizigo mizito wakaiweka mabegani mwa watu, nao hawakutaka kuigusa kwa kidole. Sisi tunakula mkate wa ngano iliyokuzwa kwa amonia ya kiwandani, tunanunua mboga dukani bila kuuliza, tumeshiba. Tukipiga simu na kumwambia shemeji, "Msitumie mbolea ya dukani, ni mbaya kwa afya," kisha tukakata simu, tumemfungia mzigo. Anayehimiza anapaswa kuingia katika gharama. Asiyeweza kuingia, heri anyamaze.

Kwa hiyo naleta haya kwa kikundi na kwa kila familia inayotuma.

Kwanza, tuulize kabla ya kuamua. Tumuulize mkulima mwenyewe, na tumuulize hasa mama anayebeba. Huenda ana ng'ombe wawili na samadi inaoza bure nyuma ya zizi. Huenda hana hata kuku. Bwana shamba au bibi shamba wa kata anaweza kusaidia kupima udongo. Mgonjwa hatibiwi bila vipimo.

Pili, sadaka isinunue sumu kali, kama nilivyosema. Ikibidi kiuatilifu, vifaa vya kinga viwe kwenye bei ileile, na kisanduku chenye kufuli cha kuhifadhia.

Tatu, mbolea isikatwe ghafla. Aendelee nayo, kwa kipimo, huku akianza mboji kwenye robo eka. Mwaka wa pili apunguze kidogo kadiri udongo unavyopata nguvu. Samadi na mfuko mmoja vikisaidiana mara nyingi huzaa kuliko kimoja peke yake.

Nne, pesa tunayookoa kwenye sumu iende kwenye mabega: toroli, ujira wa kibarua wa kugeuza mboji, mbegu za desmodiamu au kunde, mbuzi au mtamba mmoja kwa familia mbili. Mfuko wa urea huisha msimu mmoja, toroli halimaliziki.

Tano, na hili ndilo zito zaidi, tuahidi kubeba hasara pamoja. Ile robo eka ya majaribio ikitoa gunia mbili pungufu, sisi tununue hizo gunia mbili. Bila ahadi hiyo tunamwomba maskini acheze kamari kwa ajili ya dhamiri yetu.

Najua wengine watasema hii ni gharama zaidi ya kutuma pesa ya mfuko tu. Ni kweli. Pia inataka simu nyingi zaidi, na kusikiliza kuliko kuagiza. Lakini tangu mwanzo, katika bustani ya Edeni, mwanadamu alipewa kazi mbili kwa pamoja, kulima na kutunza. Ndugu zetu wanalima. Kutunza tumeachiwa wote, hata tulioondoka.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya wiki hii:

1. Pesa unayotuma nyumbani kwa ajili ya shamba, unajua inanunua nini hasa? Nani anapuliza, na anavaa nini?
2. Je, kuna jambo unalomhimiza ndugu yako alifanye ambalo wewe hubebi sehemu yoyote ya gharama yake?
3. Kama mavuno yakipungua kwa sababu ya ushauri wetu, tuko tayari kutoa nini?

Kikundi cha mavuno kitakutana Jumapili ijayo baada ya ibada, kwenye ukumbi wa chini. Chai itakuwepo. Njooni na maoni yenu, hata yale yanayopingana na haya yangu, na kama unaweza, piga simu nyumbani kabla ya siku hiyo uulize.

Bwana awabariki na kuwalinda, abariki na mikono inayolima kwa ajili yetu.